Dakika Ishirini

Nilikuwa mtu wa kusimama nyuma ya mlango.
Wageni wakija mama alisema, "Jhorna yupo,"
nao wakaangaza huku na huku kama waliodondosha sindano.
Darasani nililijua jibu, nikalimeza.
Nimemeza majibu mengi;
tumbo langu lingeweza kufungua shule.

Kisha viganja vya kaka Shofiq vikaota vijiwe,
vidogo, vigumu, punje za mtama chini ya ngozi,
na kifua kikatapakaa madoa,
kama mvua iliyoanza ikaghairi.
Majirani walisema laana.
Mtu wa maabara kutoka Chandpur alisema neno moja, aseniki,
akanyoosha kidole kwenye pampu yetu wenyewe,
aliyoichimbisha baba mwaka niliozaliwa,
tuliyoisifia maji baridi, matamu,
yasiyo rangi, yasiyo harufu, yasiyo haya.

Siku ile sikupata ujasiri. Nisikudanganye.
Nilipata orodha: kaya mia mbili na kumi na nne.
Nikapata sanduku la chupa, pakiti za unga, vipande vya karatasi,
kopo la rangi ya kijani, kopo la nyekundu,
brashi moja iliyonyonyoka.

Nyumba ya kwanza nilibisha kwa ukucha.
Ya kumi, kwa kidole.
Ya arobaini nilisahau kujisikiliza nikibisha,
maana nilikuwa nahesabu watoto uani:
wanne, na wa tano mgongoni,
na kila mmoja ana kikombe chake.

Leo nipo kwa Mofazzal Munshi,
mwenye kinu cha mpunga, mwenye pampu iliyojengewa vigae,
mwenye sauti inayofika kabla yake.
Anatafuna tambuu.
"Binti wa Kashem mfunga juti!
Huyu ndiye wa kunichagulia maji?"
Watu wanacheka. Nami nacheka kidogo;
mazoea yana mizizi.
Natia maji chupani. Natia unga. Nabana karatasi kwenye kifuniko.
Dakika ishirini.

Ya tatu, ananiuliza nitaolewa lini.
Ya saba, bata wanakatiza ua, hawana habari nasi.
Ya kumi na moja nautamani mlango, nisimame nyuma yake.
Hapa hakuna mlango.
Kuna pampu, na mjukuu wake wa kike
anayekinga maji kwa kiganja, anakunywa,
na kiganja bado laini.

Nakitazama kiganja kile.
Midomo ya watu siioni tena.

Karatasi ilikuwa nyeupe. Sasa ni ua la haradali.
Sasa ni chai iliyosahaulika jikoni.

Nasimama. Magoti yanatetemeka, nayaacha yatetemeke;
yana kazi yao, nami nina yangu.
"Mzee, ogeni haya, fulieni.
Msinywe. Msipikie."
"Futa maneno yako."
"Maneno nitafuta. Karatasi je?"

Nageuka kumtafuta aliyesema hivyo.
Nyuma yangu wamo bata tu.

"Ukiipaka rangi pampu yangu, usikanyage tena hapa."
"Nitakanyaga mvua zikiisha, kuipima upya," nasema,
na nafungua kopo.
Nyekundu inateleza juu ya chuma, inadondoka kwenye vigae vyake,
tone jingine kwenye ndala yangu.
Hakuna anayepiga makofi. Munshi anatema tambuu
nyekundu vilevile.
Ila mkwewe, bila neno,
anamnyang'anya mtoto kikombe, anajitwika mtungi,
anashika njia ya kwa mshona nguo, kwenye pampu ya kijani.

Jioni Shofiq ananiona nakula wali na wekundu kuchani.
"Nani?" anauliza.
"Munshi."
Anacheka mpaka anakohoa,
viganja vyake vya mawe vikipiga paja.

Mama anasema leo walikuja wageni,
wakauliza, "Jhorna yupo?"
Akawajibu, "Hayupo,"
nao wakakaa wakasubiri.

Zimebaki kaya mia moja na sitini na moja.
Brashi imekakamaa.
Kesho alfajiri niazime mafuta ya taa.