Pesa za Friji

Nililinunua kwa pesa za friji.
Nalisema hilo mapema, kabla Zuhura hajalisema yeye,
maana miaka sita sasa mgeni hamalizi kikombe cha chai
kabla hajaambiwa: "Huyu mume wangu
alikwenda Mwembe Tayari kuleta friji,
akarudi na kuku watatu na gari lao."

Kweli kuku walikuwemo. Shimanzi, nyuma ya ghala la ngozi,
lilikuwa limekaa juu ya mawe manne
kama mtu aliyechutama akasahau kilichomchutamisha.
Datsun ya milango miwili, pua ndefu,
zamani rangi ya bizari, siku hiyo rangi ya kila kitu.
Gari la mbio. Kuku mmoja alikuwa ametaga kiti cha dereva.
Mlinzi akanihesabia mayai, akanihesabia bei,
mayai akabaki nayo.

Chuma cha bara huzeeka. Chuma cha Mombasa huliwa.
Chumvi haipigi hodi: huingia usiku
kwenye kiungo, chini ya raba, nyuma ya taa,
na asubuhi ukigusa kwa kidole
kidole chatokea upande wa pili.
Nyawa, fundi bati wa Bondeni, aligonga sakafu mara moja,
ikamjibu kwa vumbi.
"Karani," akasema, "hii si bodi, ni biskuti.
Tukitoa kutu yote, nitachomelea nini? Hewa?"

Tukatoa. Jumamosi kwa Jumamosi,
msasa namba themanini, kisha mia na ishirini,
brashi ya waya, mafuta ya taa, matusi madogo madogo.
Makohozi yangu yakawa mekundu.
Daktari akaniuliza navuta nini.
Nikamwambia: navuta Datsun.

Ndani ya kisanduku cha dashibodi, chini ya risiti, nilikuta meno.
Meno ya bandia, ya juu na ya chini,
yamefungwa katika leso yenye herufi P.
Mlinzi alikuwa ameniambia: gari la Pirbhai, tabibu wa meno,
aliyefunga kliniki saa saba mchana
akanywe chai Voi, arudi kabla ya magharibi.
Ya nani basi? Kuna mtu alibaki kutafunia ufizi
akimngoja daktari atoke Voi?
Nikayaweka rafuni, kando ya kopo la gundi.
Tangu hapo, kila bolti iliyokatika
yalinikenulia.

Karabureta nilipewa na mjane wa Mikindani
aliyeizuilia mlango usipigwe na upepo.
Alitaka tofali badala yake. Nikampelekea mawili.

Halafu ile Jumamosi ya mvua.
Nyawa akalimiminia petroli kooni, kijiko kimoja,
kama amlishaye mgonjwa.
Nikageuza ufunguo. Kimya.
Nikageuza. Kikohozi.
Nikageuza,

sekunde kumi na moja.
Nilizihesabu mimi, akazihesabu Nyawa,
na jirani dirishani akazihesabu kwa laana.
Moshi wa buluu, mabati yakitetemeka,
na kule rafuni yale meno, ta-ta-ta-ta-ta,
yakisema neno ambalo miaka arubaini
hayakupata mdomo wa kulisemea.
Kisha kimya. Injini, meno, jirani.

Zuhura alikuwa amesimama hapo, unga mikononi.
Sikumwita. Alipita katikati ya spana bila kutazama chini,
akafungua mlango wa kushoto, kiti hamna,
akaketi juu ya kreti ya soda.
Akatazama mbele, ukutani,
kwenye kalenda ya duka la spea, ya mwaka juzi.
"Haya," akasema. "Twende Mwembe Tayari tukalete friji."

Mlango ule haufungi bado.
Aliushika kwa mkono.