Kidole cha Unga

Walinilipa kwa siku, pamoja na wali na kahawa,
nisimame kati ya mwongozaji na mtaa
nikivusha maneno kama mtu avushaye watoto barabara.
São Paulo, Liberdade, saa nane usiku.
Mvua ilikuwa ya bomba; ile ya Mungu
ilinyesha jioni, kamera haikuipenda.

Hadithi yenyewe ni hii: jambazi wa Osaka
amekosana na wakubwa wa genge lake.
Hawakumwambia toka. Walimshonea suti,
wakamwandalia karamu, wakampa tiketi ya kwenda tu.
Sasa yuko ugenini. Lugha haijui, kuua anajua,
na huku nako kuna wenyewe.

Mzee Murase ndiye jambazi. Miaka sabini na mmoja.
Joka la mgongoni huchorwa kwa saa tano
na akipiga chafya linakatika mkia.
Ameshakufa, aliniambia, katika filamu arubaini na tatu,
mara mbili tu kwa ugonjwa.

Usiku ule mwigizaji wa kike hakutokea,
yule wa kumfasiria jambazi,
basi nikavishwa koti lake, nikasukumwa kwenye taa.
Mwenye mtaa, wa kwenye filamu, akatema matusi.
Nikayageuza.
Lakini Kijapani changu ni cha jikoni,
nilikinyonya kwa bibi, naye hakunifunza kutukana.
Kilichonitoka ni hiki: "Mheshimiwa huyu anaomba,
kama haitakuwa taabu kwako, ufe kabla ya Jumapili."

Wakacheka mpaka wa nyaya.
Murase hakucheka.
"Iacheni hivyo hivyo," alisema.
"Wale wa kwetu walionimaliza
walinimiminia chai kwanza."
Sikujua kama anasema ya filamu.

Kisha kikaja kidole.
Cleide, mpambaji, alikikanda kwa unga wa mchele na sharubati,
akakipachika ukucha, akakipaka hata uchafu chini yake.
Kitambaa cheupe. Kisu kifupi.
Kimya kikatanda; bomba peke yake linamwaga.

Pembeni, juu ya kiti cha plastiki,
Bwana Dorival anatafuna andazi la nyama.
Mtaa huu ni wake kweli; tulimlipa ndipo tukawasha taa.
Aliomba nafasi kwenye filamu, akaambiwa
hafanani na jambazi, anafanana na mwalimu wa hesabu.
Akanivuta koti: "Akishakata, anayemdai anapata nini?"
Kidole.
"Atakifanyia nini?"
Nikatafuta jibu katika lugha mbili, sikuliona.
"Huku," alisema kwa upole, akifuta mafuta mdomoni,
"dawa ya deni kulipa."
Fundi wa taa akasogeza ngazi yake mbali kidogo.

Nami nikamwona bibi Nabe, mkono wake wa kushoto,
vile alivyoshika bakuli kwa vidole vitatu.
Alishuka melini akidaiwa nauli ya kuja kuvuna kahawa.
Msimu wa pili mashine ya kukoboa ikamnyaka.
Karani wa shamba akaandika daftarini:
siku tatu hakuja kazini, akatwe.
Alikuwa ameshakatwa.
Daftari halikuuliza vimeangukia wapi.
Deni lilikwisha miaka tisa baadaye, kwa sarafu,
vile viwili havikuhesabiwa.

"Anza!"
Murase akashusha kisu, akaguna kutoka tumboni,
kidole kikabingirika, kikavuka kitambaa,
kikadondoka kwenye dimbwi.
Akatoka mbwa chini ya gari la vyombo,
kijimbwa cha rangi ya chai, sikio moja,
akakinusa, akakimeza, sharubati na ukucha.

Hakuna aliyesema kata.
Murase, bado amepiga magoti, ngumi imefungwa,
akamwinamia mbwa mpaka paji likagusa lami,
kama mtu aliyepokelewa malipo yake.

Dorival akacheka peke yake, muda mrefu.
Mwongozaji akaniuliza mbwa ni wa nani.
Cleide akapandisha mikono ya sweta
akaomba unga mwingine.