Robo ya Sukari

Kila Jumamosi ya pili naung'oa mlango wangu.
Bawaba tatu, skrubu tisa. Nazitia kikombeni
huku mke wangu akilalama: haya, leo tena tumekuwa kibanda cha soko,
kila apitaye atazame sufuria zetu zisivyosuguliwa.
Nauvusha ua, nauegemeza kwenye tangi la maji,
uso wake laini juu, kichwa tangini, miguu ikiielekea nyumba,
na watoto wa ploti nzima wanauita Mteremko.

Mbao ni masalio ya vitanda kutoka Gikomba,
saiprasi, bado inanukia ukiikwangua.
Magurudumu ni vizibo vya soda, viwili viwili vimekumbatiana,
katikati nta ya mshumaa.
Ekseli ni spoku za baiskeli ya marehemu kaka,
ambayo hakuna aliyethubutu kuiuza.
Risasi ya penseli tunaisaga kwa mgongo wa kijiko,
unga wake tunaupaka pale chuma kinaposugua mti,
na ikifika saa nne vidole vyetu sote ni vyeusi
kama vya waliotoka kuchukuliwa alama kituoni.

Injini iko wapi? aliniuliza Abdirizak siku ya kwanza.
Haipo.
Basi nani analisukuma?
Halisukumwi. Ardhi inalivuta.
Ardhi inavuta kila kitu?
Kila kitu.
Hata ghorofa?

Nikaishika msasa, nikapiga ubao ambao ulishalainika.
Jibu la swali hilo mtaa wetu unalijua kunishinda.

Sheria yetu ni moja: gari lisizidi robo ya sukari.
Bi Kathambi wa duka la kona anaweka jiwe la robo upande huu,
gari upande ule, anakunja uso kama hakimu,
na asiyetimiza anaongeza nati, anaongeza misumari iliyopinda,
anarudi mbio, anapimwa tena.
Kilo nzima za sukari zinasubiri nyuma yake
na wateja wanagombana, nao pia wamechagua gari lao.

La Mutheu lilikuwa jepesi.
Alilichonga mno, jembamba kama samaki wa kukaushwa,
na nati zilikuwa zimekwisha.
Alisimama kidogo. Kisha akaingiza mkono ndani ya kola
akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi wa kiatu.
Wa wapi huo?
Wa nyumba ile nyingine.
Sikuuliza zaidi. Ile nyingine sasa ni barabara,
njia nne na taa katikati.
Nilimpa patasi ndogo, akachimba kijishimo tumboni mwa gari
urefu wa ufunguo, akaulaza, akaumiminia nta.
Mizani ikatulia sawasawa. Bi Kathambi hakusema neno,
akampa peremende moja.

Saa nane. Magari sita, rula moja ya kuyazuia.
Nikainua rula.

La Otiato lilishinda, kama kawaida yake,
na kama kawaida yake alijigaragaza vumbini.
La Abdirizak lilichepuka, likaanguka mtaroni.
La Mutheu lilitoka la mwisho, likasuasua penye kiraka
nilipowahi kubadilisha kitasa,
halafu kitu kikalishika, sijui nta ilitulia au nini,
likaufikia mstari likiwa la nne
na halikusimama.
Likapita viatu vya Otiato,
likapita beseni la nguo, kuku akaruka,
likapanda ile simiti nyembamba ya kizingiti
na kuingia nyumbani kwangu
pale palipokosa mlango.

Kimya ua mzima.
Ndani, sauti ya mke wangu:
Nani huyu anayeingia bila hodi?

Mutheu alicheka hadi akakaa chini.

Jioni nikaurudisha mlango mahali pake.
Nikakipindua kikombe kiganjani: skrubu nane.
Ya tisa najua iliko.
Abdirizak ameipachika nyuma ya ekseli,
bado anaitafuta robo.


Bawaba ya chini inalia kidogo mtu akiingia.
Mwache alie nao hadi Jumamosi.