Kibonyeo

Mwakio alitua saa nne na dakika kumi,
akazima injini, hakuteremka.
Nilimwona kupitia kioo, mikono juu ya magoti,
kama mtu aliyeitwa jina lake gizani.
Kisha akafungua mlango:
"Geji ilisema nina saa nzima.
Tangi linasema robo."
Kiwayu na kurudi, saa tatu,
na nusu ya njia hiyo chini ni maji.

Hanga letu liko Port Reitz, bati juu, bati ubavuni.
Kaskazi ikikaza, spana haishikiki bila kitambaa.
Mafuta ya ndege ndogo yana rangi
ya maji ya buluu ya kufulia kanzu;
yakikumwagikia mkononi ni baridi, kisha hayapo.

Nilianza na bomba.
Tuliinua pua, gurudumu la mbele juu ya matofali,
mbinuko ule ule wa kupaa,
maana injini haina kiu kama pale inapopanda.
Nikafungua mrija kwenye kabureta.
Nyevu akashika saa, mie chupa ya vipimo,
jicho sawa na mstari.
"Haya!"
Dakika moja: lita moja na nusu, na matone.
Ilitakiwa moja na theluthi.
Bomba halina deni.

Basi mwongo ni mhesabuji.

Naye ni kigurudumu, udogo wa punje ya choroko,
kimekaa ndani ya mrija; mafuta yakipita kinazunguka,
na kila kikizunguka kinaipelekea geji mpigo.
Mipigo elfu kumi na nane, lita moja.
Ndivyo kiwanda kilivyoandika.
Chetu kilisema thelathini kwa saa
na injini inakunywa thelathini na nane.

Dawa ya haraka naijua: vitufe viwili.
Unaishusha ile elfu kumi na nane
hadi elfu kumi na nne na mia mbili,
geji inakubaliana na tangi,
rubani anakushukuru, unakwenda kula.

Shangazi Rukiya aliuza mafuta ya taa Kongowea
kwa kikombe cha bati alichokigonga kitako,
kwa upole, nyundo mara mbili, kikabonyea ndani.
Wateja walitazama ukingo. Ukingo ulijaa.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifunzwa shule,
na karo ya shule hiyo ililipwa
na haba zilizokosekana.
Mahali fulani Kisauni taa ilizimika
kabla mtoto wa mtu hajamaliza ukurasa.
Mie nilimaliza wangu. Ulikuwa wa hisabati.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Nikakiondoa. Nikafungua mrija wenyewe,
nikamulika kwa tochi ya simu.
Uzi mweupe. Mwembamba kuliko unywele wa mahindi,
umejisokota kwenye ekseli, umekishika kigurudumu
kama mtoto anavyoshika nguo ya mama asende.
Utepe wa kuzibia nati.
Wangu. Mwezi uliopita, kwa kuogopa kuvuja,
niliuzungusha mara tano palipotaka mbili.

Nikauvuta kwa kibano.
Nyevu aliona. Akaenda kupanga spana
zilizokwisha pangwa.

Tukawasha, nusu saa, tukajaza tena kwa chupa.
Geji: tisa. Chupa: tisa.
Elfu kumi na nane ilikuwa kweli siku zote.

Katika daftari la ndege niliandika:
*Kipande cha utepe ndani ya kipimo.
Kiliachwa na fundi.*
Nikapiga mstari juu ya "fundi",
nikaandika Shekuwe.

Mwakio alisoma, midomo ikitembea.
Hakunitukana; ningependa angenitukana.
"Sasa yasema kweli?"
"Muulize tangi."

Akachukua kijiti cha kupimia, akakwea,
akafungua kifuniko cha bawa la kushoto,
na pale chini, nikifuta mikono isiyofutika,
nilisikia kijiti
kikigonga kitako.