Karani wa Miaka Tisa

Mama hakujua kuandika, mimi nilijua,
basi nikawa karani wa kibanda chetu cha sweta
kwenye soko la Alhamisi, El Alto,
ambako upepo huchuna midomo
na hewa ni haba hata kwa waliozaliwa nayo.
Kushoto, kilichoingia. Kulia, kilichotoka.

Julai ile mdogo wangu Limbert aliharisha.
Nausoma mwandiko wangu wa utotoni:
Teksi usiku, boliviano thelathini na tano.
Nepi. Nepi tena.
Kitanda bure, dripu bure.
Nilijumlisha "bure" mara mbili, nikapata nepi tena.
Supu ya Mama, siku mbili;
siku nyingine alidai ameshiba.
Kibanda kimefungwa, siku kumi na moja.
Hapo kalamu ilikwama.
Mauzo ambayo hayakuja yana bei gani?
Nikachora viduara kumi na kimoja.
Mkopo kwa Bi Herminia, mia nne,
na riba yake ikazaliwa, ikanyonya, ikatambaa,
kabla Limbert hajasimama dede tena.
Cherehani: imeuzwa.

Limbert alipona. Cherehani haikurudi.

Mwaka wa tatu akaja Wara.
Nesi Delfina akambinya mashavu kwa vidole viwili,
akamdondoshea chanjo ulimini.
Wara akairamba, akamkazia macho
kama mteja anayesubiri chenji.
Miezi miwili, kisha miezi minne.
Niliandika: Nauli, boliviano tatu. Nauli, tatu.
Hapakuwa na kingine cha kuandika.

Julai ikarudi na barafu yake kwenye ndoo.
Wara aliharisha siku moja, ya pili akalilia mkate.
Kibanda kilifunguliwa saa moja asubuhi.
Kesho yake, saa moja.
Ukurasa mzima: kofia, sweta, kofia,
soksi za mzee aliyebisha bei hadi adhuhuri.
Sikuchora kiduara hata kimoja.

Siku hizi nashuka La Paz kwa gari la kamba
kukagua hesabu za watu wakubwa.
Huniletea majedwali: kila sarafu ya chanjo
imeokoa sarafu ngapi. Nakagua, natia sahihi.
Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa,
lakini hasara iliyoghairi njiani?
Haipigi hodi kusema,
"Nilikuwa naifuata cherehani yenu, nimeahirisha."

Nabaki na mstari mmoja,
wa mwaka Wara alipotimiza miwili:
Cherehani, kuukuu, mia sita na hamsini.
Niliuandika kulia, kilichotoka,
kama kanuni inavyotaka.
Mama, asiyejua a wala be,
aliinama juu ya bega langu,
akaweka kidole chenye ganzi ya baridi
upande wa kushoto.
"Futa," alisema. "Andika hapa."