Hesabu Hadi Nane

Mimi sikuwahi kupaa.
Niliseme hilo mapema, maana watu wakisikia
kwamba nilikuwa mshangiliaji, huuliza kwanza:
ulirushwa juu kiasi gani?
Nilikuwa wa chini. Mabega mapana ya mama yangu,
vifundo vya miguu kama vya mpasua kuni.
Siku ya kwanza kocha Helka alinipima kwa macho,
hakuuliza ninataka nini. Alisema: wewe, simama hapa.

Hapa palikuwa Kemi, kaskazini mwa Ufini, Januari,
jua likichungulia saa tano na kutoweka saa nane,
theluji ikiyeyuka kwenye viatu mlangoni,
magodoro ya buluu yenye harufu ya soksi.
Tulikuwa kumi na mmoja. Kumi na wawili,
zamu ya dukani ikimwachilia Aliisa.

Juu ya viganja vyangu alisimama Pihla.
Kilo arubaini na mbili, na soli ya kiatu chake
niliijua kuliko uso wake:
ufa wa kisigino cha kushoto, chingamu iliyogandamana.
"Usitazame watu," alisema Helka.
"Watu wamekaa, hawaanguki. Mtazame yeye."
Basi kwa miaka minne sikuona hata mchezo mmoja.
Nilisikia tu mpira ukidunda nyuma yangu,
na kelele, au kukosekana kwa kelele.

Timu yetu ya kikapu ilikuwa timu ya kushindwa.
Si kwa bahati mbaya; ilishindwa kwa bidii,
kwa pointi arubaini, mbele ya mfagiaji
na wazazi tisa, baba yangu akiwa wa tisa.
Na sisi, vishada vya fedha mikononi,
tukipaaza sauti kana kwamba bado lipo la kuokoa.
Nilimuuliza Helka: huu si uongo?
Akafunga kamba ya kiatu chake, taratibu.
"Anayeshinda ana haja gani nawe?"

Halafu Machi, mashindano ya Oulu.
Pihla aliyumba kwenye tano.
Kisigino kiliniambia kabla yeye mwenyewe hajajua.
Mwili una akili yake: kitu kikianguka, ruka pembeni.
Ndiyo akili tuliyofunzwa kuiacha,
Jumanne na Alhamisi, Jumanne na Alhamisi,
mpaka mguu ukasahau kurudi nyuma.
Nikaingia chini yake. Kiwiko chake kikanipata puani.
Sita. Saba. Damu mdomoni, ladha ya sarafu,
na kwenye nane alikuwa wima tena,
sote tukitabasamu, mimi kwa meno mekundu.

Tabasamu lile sikulipenda, na silipendi hata leo.
Mengi niliyofunzwa pale niliyarudisha pamoja na sare.

Tulikuwa wa sita kati ya saba.
Kwenye basi Ronja aligawa mikate ya mdalasini iliyobonyea,
na hakuna aliyeniambia asante. Wala sikuingoja.
Hapana: niliingoja. Niliingoja hadi Kemi.

Mwaka juzi baba alianguka bafuni, usiku wa manane.
Mtu wa miraba minne, miaka thelathini kiwandani
akiviringisha karatasi za magazeti ya wengine,
sasa sakafuni, povu la sabuni bado begani.
Dada yangu Saimi amesimama mlangoni, mikono kinywani.
Nikaisikia sauti ya Helka ikitoka kwangu:
wewe, simama hapa. Shika chini ya paja.
Usitazame maji. Mtazame yeye.
Tukavuta pumzi pamoja. Tano, sita, saba,
na kwenye nane baba yangu akapanda,
mzito, mwenye haya, anatetemeka,
kwa kitambo kidogo juu kuliko sisi sote.

Akaitazama taa ya dari, iliyokuwa karibu,
akauliza, "Na vishada viko wapi?"