Muuza Taa

Leo nimekufa mara tano kabla ya chakula cha mchana.
Kwanza kwa mkuki, pili kwa kuanguka,
tatu zilizobaki kwa namna ambayo mswada haukueleza;
umeandika tu: aage dunia, kwa ufupi.
Nyuma ya kioo Bi Kuwabara akainua kidole:
"Tena, Mzee Yasutake. Hicho kilikuwa kifo cha mtu mzima."

Isaji ana miaka kumi na saba.
Alikuwa nayo nilipompa sauti mara ya kwanza,
mke wangu yu hai, meno yangu ni yangu.
Sasa tuko sehemu ya kumi na tisa ya Upanga wa Theluji
na kijana hajaota ndevu,
bado anaamka kijiji kikiungua,
bado anaapa kisasi kwa koo langu.
Baba yake nimemzika mara sita.
Sehemu ya tisa tulimuua Isaji mwenyewe, tukamuua vizuri,
theluji ikamfunika, muziki ukanyamaza,
nikatoka studio nikatembea hadi Kyobashi nikilia
kama mtu aliyemaliza deni.
Sehemu ya kumi ilianza kwa macho yake kufumbuka.
Hakuna refu lisilo na ncha, walisema wahenga;
wahenga hawakuwa na wanahisa.

Nanywa maji ya uvuguvugu.
Mara ya sita nakufa kijana.
"Safi," kinasema kioo.

Jioni, karibu na kituo cha Tenma, mwanamke wa duka la mikate
aliacha koleo likining'inia hewani aliponisikia nikiagiza.
"Samahani," akasema. "Wewe ni muuza taa."

Muuza taa! Nani anamkumbuka?
Nyumba ya Ngazi Elfu, sehemu mbili basi,
kampuni ya Nagoya ya watu kumi na mmoja na birika moja,
mwandishi wao, Shiomi, akilala chini ya meza.
Nilirekodi alasiri moja. Ujira ulikuwa
bahasha nyembamba na sanduku la machenza.
Mchezaji anapanda, anapanda,
kwenye ngazi ya mia sita na kumi na mbili
anamkuta mzee na taa zisizowashwa,
anamuuliza: juu kuna nini?
Nami, kwa sauti ambayo sijaitumia tena, najibu:
"Pumzika kwanza. Nitakwambia kesho."
Sehemu ya pili inaishia hapo.
Baridi ilipokwisha walikuwa wameshauza viti.
Shiomi, nasikia, anaendesha lori la samaki huko kaskazini.

Anaitwa Minegishi, huyu wa mikate.
Alikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wake tisa.
Walicheza kwa zamu chini ya blanketi moja,
na mdogo wake alishaapa:
sehemu ya tatu, wa kwanza kushika ni yeye.
Hakusema mdogo wake yuko wapi.
Sikuuliza. Unga ulikuwa umemganda vidoleni.
"Juu kulikuwa na nini?"

Foleni nyuma yangu ikakohoa.
Ningeweza kudanganya, ndiyo kazi inayonilisha.
Ningesema bahari, ningesema mama, ningesema ngazi nyingine.
Ila mimi nilipewa mstari mmoja tu,
na chini yake karatasi ilikuwa nyeupe.
Labda Shiomi naye alikuwa bado anapanda.
"Sijui," nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe,
ya mzee anayenunua mkate wenye maharage matamu ndani.

Akacheka kidogo puani. Akatia miwili, akatoza mmoja.
"Basi kesho," akasema.

Kesho saa tatu asubuhi Isaji anafufuka.
Nimemwachia ujumbe Bi Kuwabara
kwamba nitachelewa,
amwache alale pale kwenye theluji kidogo,
hana haraka, yule mtoto.